Honi Iliyojibiwa na Ng'ombe

Katika miaka ishirini na saba niliyotengeneza pikipiki mtaani Biryogo, ni honi moja tu kati ya zote zilizopita mikononi mwangu iliyojibiwa na ng'ombe. Ilijibiwa mara mbili, mchana kweupe, mbele ya wageni wapatao mia mbili waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwenye pikipiki yenyewe, nikiwa na bisibisi katika mfuko wa koti la kuazima. Vijana wa karakana wameniomba niandike habari hizo kabla wasimuliaji hawajaziharibu, maana nimekwisha kusikia simulizi moja ambamo ng'ombe walikuwa watano na mimi nilikimbia. Ng'ombe alikuwa mmoja. Wala sikukimbia, nilijificha nyuma ya spika.

Nitaanzia mwanzo, kwa sababu bila mwanzo hamtaelewa habari ya godoro.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na ovaroli mpya iliyopigwa pasi. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga pasi kwa fundi cherehani, uchochoro wa pili kutoka msikitini, na nilidhani kila kazi duniani huanza na pasi. Mwenye karakana alikuwa Fundi Sefu, mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya wa klachi. Alinitazama kuanzia kola hadi kiatu.

"Wewe ndiye Issa?"

"Ndiyo, fundi."

"Unajua nini kuhusu pikipiki?"

"Najua kupanda nyuma."

"Kwa leo inatosha. Shika godoro."

Lilikuwa godoro kweli, la sponji, la kulalia mtu mmoja, lenye maua ya samawati upande huu na mafuta ya injini upande ule. Ninyi mlioanza kazi juzi, karakana ilipokwisha kuhamia mahali papana penye uwanja mbele, mtacheka. Lakini Biryogo nyumba zimebanana. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa pia ukuta wa chumba cha kulala cha Bi Zubeda, na mlango wetu ulitazamana na madirisha ya chuo cha Kurani cha watoto. Honi ikipigwa hapo inaupigia mtaa mzima. Kwa hiyo Fundi Sefu alikuwa na sheria yake: unaibana honi kwenye jiliwa, unaiunganisha na betri ya karakana, unaifunika kwa godoro, mtu mmoja analala juu ya godoro, mwingine anagusisha waya. Mtu wa kulala juu nilikuwa mimi. Wiki yangu ya kwanza nililala kazini kila siku kwa amri ya mwajiri, na sijapata kusikia mfanyakazi mwingine aliyesifiwa kwa hilo.

"Usisikilize kwa sikio," aliniambia Fundi Sefu. "Sikio linapenda kusifiwa. Sikiliza kwa tumbo."

Nilidhani ni mzaha wa mafundi kwa mgeni. Baada ya miezi miwili niligundua kwamba tumbo langu linajua kazi kuliko mimi. Honi nzima hutetemesha tumbo sawasawa, kama mtu anayesaga mahindi bila haraka. Ikiwa bati lake la ndani limelegea, mtetemo unakuja kwa vipande. Ikiwa platini zimechafuka, unapata kigugumizi, kisha kimya, kisha kigugumizi tena. Na ikiwa waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye fremu, umeshika kutu, hupati kitu isipokuwa usingizi.

Kwa ndani honi ni kitu kidogo sana. Koili inavuta bati, platini zinakata umeme, bati linarudi, umeme unaunganika tena, na mchezo huo unarudiwa haraka mpaka unasikia sauti. Nyuma kuna skrubu moja yenye nati ya kuifunga. Ukiizungusha robo ya mzunguko, honi inapiga kelele kama mwenye nyumba. Ukizidisha robo nyingine, inakuwa mpangaji. Fundi Sefu alinikataza kuigusa skrubu hiyo kwa mwaka mzima. Alisema watu wengi hukimbilia skrubu kwa sababu ndiyo inayoonekana, na tatizo limekaa kwenye waya likiwacheka.

Alisema kweli. Pikipiki moja ya mpishi wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, ilikuwa ikipiga honi yenyewe kila ikikata kona kushoto, kwa hiyo kila asubuhi ilimsalimu mlinzi wa jumba lile lile la kushoto. Mlinzi alianza kwa kupunga mkono, akaendelea kwa kununa, mwishoni akaandika malalamiko. Waya ulikuwa umechubuka ndani ya usukani. Honi nyingine ililetwa kimya kabisa; nilipoifungua nikakuta nyigu wamejenga humo. Hiyo nayo niliipima kwa tumbo kabla ya kuifungua, na nawashauri msinifuate katika hilo.

Fundi Sefu alipochoka alikwenda kukaa kwa binti yake. Aliniachia jiliwa, betri, bisibisi fupi yenye mpini wa mbao na godoro. Ufunguo wa karakana alisahau kuniachia, kwa hiyo siku yangu ya kwanza kama mkuu nilivunja kufuli langu mwenyewe, majirani wakishuhudia.

Miaka ikapita. Godoro la kwanza likaisha, la pili likaisha. Pikipiki za umeme zikaingia mjini, na honi zake zikaja zimefungwa kama dawa, hazifunguliwi. Ikifa unatupa, unaweka nyingine. Ninyi vijana mlifurahi. Mimi niliona kazi ya tumbo langu inaisha, nikaanza kuhesabu miezi ya kustaafu. Ilikuwa imebaki mitatu Bwana Anastase alipoingia uchochoroni akiisukuma pikipiki kwa jasho.

Nilimfahamu kwa sura. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayekaa Remera, amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake ni cha kupigia mstari kwa rula. Pikipiki yake ilikuwa ya Kijapani, mkubwa wa vijana wote wa karakana kwa umri, tangi jekundu lenye bonde ambalo goti la mtu fulani lilikuwa limelichimba miaka mingi.

"Imezima?" nikamuuliza.

"Inakwenda vizuri kabisa."

"Mbona unaisukuma?"

Alitazama nyuma, akainama karibu. "Fundi Issa, shangazi wa bibi harusi ana cherehani hapa uchochoroni. Sitaki aisikie."

"Bibi harusi yupi?"

Ndipo akanieleza, na mimi nitaeleza kwa ajili ya Juma wetu kutoka Mwanza, ambaye hajaoa na hajui kinachomngoja. Kwetu, kabla ya harusi kuna gusaba, siku ya kuja kumwomba binti. Familia mbili zinakaa zikitazamana. Kila upande una mzee wake wa kusema, na wazee hao wawili wanashindana kwa maneno kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Upande wa binti unajifanya haujui wageni wamefuata nini. Kila mtu anajua kwamba vijana wamekwisha kukubaliana, ukumbi umepambwa na chakula kinaiva. Ni mchezo. Lakini anayeaibika ndani ya mchezo huo anatoka na aibu isiyo ya mchezo.

Bwana harusi alikuwa mtoto wa Vianney, kaka yake Anastase, ambaye hayupo tena duniani. Pikipiki ilikuwa ya Vianney.

"Familia walitaka kukodi msemaji," alisema Anastase. "Wapo siku hizi, wanakuja na mkongojo wao na misemo yao, kesho wako kwa wengine. Nikakataa. Mtoto wa Vianney aombewe mke na mtu wa kukodi, kwani Vianney hakuwa na ndugu?"

"Ulifanya vizuri."

"Nilifanya vibaya. Mimi si mwepesi wa maneno, fundi. Nikiulizwa jambo leo, jibu zuri linanijia keshokutwa, nikiwa bafuni. Na upande wao anasema Gaspard."

Hata mimi nilikuwa nimesikia habari za Gaspard. Ni mzee wa Remera aliyewahi kumfanya msemaji wa upande wa pili aombe maji mara nne katika sentensi moja.

Gaspard alikuwa ametuma ujumbe kabla ya siku. Babu wa binti, Muzehe Ferederiko, naye aliishi Karagwe, na zamani kila siku ya soko alipakiwa na Vianney kwenye pikipiki hiyo, yeye na kuku wake. Babu alikuwa amesema kwamba sauti ya honi ile angeitambua hata kati ya honi mia. Basi Gaspard akaweka sharti: siku ya gusaba, kabla ya neno lolote, wataisikia honi. Muzehe akisema ndiyo yenyewe, watazungumza kama marafiki wa zamani. Akisema siyo, wageni watahesabiwa kuwa watu waliookota pikipiki njiani.

"Nikipita hapo," alisema Anastase, "mengine nitayaweza, nimeyaandika kwenye karatasi. Nisipopita, kaka zangu watamwinua msemaji wa kukodi pale pale. Wamekwisha kumwalika, atakaa safu ya tatu kama mgeni wa kawaida. Wanadhani sijui."

"Na honi inalia?"

"Haijalia tangu tuliporudi nchini kutoka Karagwe."

"Unaikumbuka sauti yake?"

Alivuta pumzi. "Piiii," akasema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Pooo. Poo-oo. Ilikuwa katikati ya hizo. Pwooo!"

Ukuta ukagongwa. "We Issa!" ilikuwa sauti ya Bi Zubeda. "Nani huyo anaumwa? Mpelekeni hospitali, mnangoja nini?"

Niliifungua honi siku hiyo hiyo. Chini ya taa ya mbele, inapokaa, ilikuwa imekunywa mvua ya miaka yote. Bati lilikuwa zima. Platini nilizisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Koili ilikuwa imeungua, nyeusi kama chungu. Nilitafuta kwenye sanduku langu la vyuma chakavu nikapata honi ya pikipiki ya abiria iliyogongwa, koili yake inaingia humo kana kwamba ilizaliwa humo. Nikaihamisha, nikakata gasketi ya karatasi ngumu, nikafunga. Nilijipongeza kwa chai.

Upimaji ulikuwa wa siri. Tulifunga mlango, tukaibana honi kwenye jiliwa, tukaweka godoro, la tatu sasa, jipya, nene kuliko yote yaliyotangulia. Nikapanda juu. Lazima niseme kwamba tumbo la mwaka wa mwisho halikuwa tumbo la mwaka wa kwanza. Katikati yake na godoro kulikuwa na pilau ya miaka ishirini na saba. Anastase akagusisha waya kwenye betri ya karakana.

"Tumbo linasema nini?" akauliza. Alikuwa amekwisha kusimuliwa.

"Linasema ni honi."

Tukaifunga kwenye pikipiki, tukauzungushia usukani wote godoro na kulikaza kwa mipira ya tyubu. Anastase akabonyeza swichi. Ikatoka sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeamshwa.

"Mbona kama imeshiba?" akauliza.

"Hilo ni godoro."

"Una hakika, fundi?"

"Bwana Anastase, mimi na godoro tumefanya kazi pamoja miaka ishirini na saba."

Hilo ndilo kosa langu, na naliweka hapa wazi ili lisirudiwe. Betri ya karakana ni ya volti kumi na mbili, kama pikipiki zote tulizozizoea. Pikipiki za umri ule ni za volti sita. Betri ya Anastase ilikuwa imeandikwa sita ubavuni, kwa tarakimu kubwa, na ni mimi mwenyewe niliyeifuta vumbi. Koili niliyoihamisha ilikuwa ya kumi na mbili. Mezani ilikula ikashiba. Kwenye pikipiki ilipewa nusu ya chakula. Nilisikia njaa yake kwa masikio yangu nikaisingizia sponji.

Siku ya gusaba nilialikwa kama daktari wa honi, kiti changu kikawa pembeni, karibu na spika. Tulikuwa kwenye bustani ya kukodi upande wa Remera, mahema mawili yametazamana, nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Siku hizi ng'ombe wa mahari wengi hubaki malishoni, wanasomewa sifa tu watu wakapiga makofi. Lakini Muzehe Ferederiko alikuwa amesema hataki ng'ombe wa maneno, kwa hiyo upande wa Anastase ulileta mmoja kwa lori, naye alisimama nyuma ya ua wa matete na mchungaji wake, akisubiri kuitwa. Pikipiki iliingizwa imefunikwa shuka jeupe. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama huyo ndiye bibi harusi.

Mazungumzo yalikuwa ya Kinyarwanda. Ninayatia katika Kiswahili kwa kadiri ya uwezo wangu. Gaspard alisimama, mrefu, mkongojo mkononi, akawatazama wageni kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni.

"Mmesema ninyi ni watu wa Vianney," alisema. "Vianney tulimjua. Ninyi hatuwajui. Ameacha mtu, au ameacha chuma?"

Anastase alisimama na karatasi yake. Aliigeuza juu chini, akaigeuza tena. Safu ya tatu, mtu mmoja aliyevaa kofia nzuri mno kwa mgeni wa kawaida akajiweka sawa kwenye kiti. Anastase alimwona. Akaikunja karatasi, akaenda mpaka kwenye pikipiki, akavuta shuka, akabonyeza.

"Mbuuuuu," ikasema honi.

Sijui kuiandika vizuri zaidi. Ilianza chini, ikapanda kidogo, ikashuka tena kwa huzuni. Hakukuwa na godoro la kusingizia. Na kabla mtu yeyote hajacheka, kutoka nyuma ya ua wa matete, mtu mwingine akajibu:

"Mbuuuuuu!"

Anastase, kwa hofu, akabonyeza tena, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti iliyokataa kuja. Honi ikaita. Ng'ombe akaitika, safari hii kwa hamu zaidi, matete yakatikisika.

"Acheni!" mchungaji akapiga kelele kutoka huko nyuma. "Acheni jamani, anavuta kamba!"

Hapo ndipo nilipohamia nyuma ya spika.

Gaspard alingoja. Mtu anayejua kazi yake hujua kungoja. Alizunguka pikipiki mara moja, akainama, akaitazama honi, akainuka.

"Bwana Anastase," akasema taratibu, "sisi tuliomba honi. Hii uliyotuletea ina mimba ya miezi mingapi?"

Hema lote la upande wao likaanguka kwa vicheko. Yule wa kofia nzuri akainuka nusu. Kaka mmoja wa Anastase akaanza kumpungia mkono aje mbele. Nilimtazama Anastase nikiwa na uhakika kwamba jibu lake liko bafuni, litafika keshokutwa.

"Saba, mzee wangu," akasema Anastase. "Ndiyo maana tumekuja na mama yake. Yule pale nyuma, amemwita mwanawe."

Kwa muda mfupi hakuna aliyeelewa, hata yeye nadhani. Kisha kina mama wa upande wa binti wakapiga vigelegele, upande wake mwenyewe ukasimama, na yule wa kofia nzuri akaketi polepole, akajifanya alikuwa anarekebisha suruali. Gaspard aliuma mdomo ili asicheke. Alishindwa. Akacheka mpaka akaomba maji.

"Yewe," akasema alipopata pumzi. "Haya, mzaha umeushinda. Lakini sharti ni sharti, na shahidi si mimi. Muzehe Ferederiko, tusaidie."

Mzee aliletwa ameshikwa mikono na wajukuu wawili. Anakaribia miaka tisini, mwembamba, suti yake ya kahawia imemzidi kidogo. Aliweka kiganja juu ya tangi jekundu, pale penye lile bonde, akainamisha kichwa.

"Piga."

Anastase akabonyeza mara ya tatu. "Mbuuuu," ikasema honi. Ng'ombe hakujibu. Nadhani alikuwa amekata tamaa.

Mzee alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, hata mpishi mmoja akatokeza kichwa kuuliza kama chakula kitolewe.

"Ni yenyewe," akasema Muzehe Ferederiko.

"Muzehe, una hakika?" akauliza Gaspard.

"Kuku wangu walikuwa wanafadhaika kwa sauti hii hii."

Sitasimulia yaliyofuata, maana mliokuwepo mlikuwa na sahani. Anastase aliongea saa nzima bila kuifungua tena karatasi yake. Binti alitolewa, ng'ombe akasifiwa, na mimi nikapongezwa kama fundi aliyerudisha sauti ya miaka iliyopita. Nilipokea pongezi. Sikujua niziweke wapi.

Jumatatu niliikagua pikipiki nikaiona ile sita ubavuni mwa betri. Nikakaa chini. Kuna mambo mawili tu yanayowezekana. La kwanza, huko Karagwe Vianney alikuwa na betri iliyochoka, honi yake ilikuwa na njaa tangu zamani, na mimi kwa kosa langu nimeirudisha sauti ile ile. La pili, mzee alisikia ng'ombe kama sisi sote, akaona jasho la Anastase, akaamua. Fundi aliyefanya kazi miaka yote hiyo hawezi kustaafu bila kujua kama alitengeneza au aliharibu. Nilianza kuuliza.

Anastase aliniambia ndiyo yenyewe, bila shaka yoyote. Nikamkumbusha kwamba kwangu alilia "piii" na "pooo" na "pwooo". Akasema nilimharakisha.

Shangazi wa binti, yule mwenye cherehani, ambaye naye alikulia Karagwe, alicheka mpaka akatoboa kola ya mteja. "Honi ipi, Fundi Issa? Vianney hakuwa na honi! Alikuwa anapiga kelele: pisheni, pisheni, sina breki!"

Nilikwenda kwa Muzehe Ferederiko mwenyewe, nikiwa na kilo ya sukari. Nilimwuliza mara moja, akasema ni yenyewe. Nikazungumza habari za afya, za mvua, za kuku, kisha nikamwuliza tena. Akanisogezea kikombe.

"Fundi," akasema, "ulitaka niseme nini, na wali unapoa?"

"Kwa hiyo haikuwa yenyewe, Muzehe?"

"Nimesema ni yenyewe. Mara ngapi? Kunywa chai."

Nimeshapata koili ya volti sita. Ilitoka kwa rafiki yangu wa Bujumbura, imefungwa kwenye kitambaa, na nikiiweka honi ile italia kama honi. Nimestaafu sasa, lakini kazi hiyo ningeifanya bure na kwa furaha. Anastase hataki. Tangu siku ile familia mbili zimemwomba awasemee, na kila anapokwenda wanamtaka aje na pikipiki.

"Usiiguse, fundi," ananiambia. "Ukiigusa utakuwa umemfanya Muzehe mwongo."

"Na ikiwa sauti hii ndiyo iliyoharibika?"

"Lete ushahidi."

Ushahidi uliopo ni mmoja, na juzi aliniletea mwenyewe nyumbani, ndani ya bahasha, akiwa na hakika kwamba utamaliza ubishi wa kama Vianney alikuwa na honi au la. Ni picha ya zamani kutoka Karagwe, pekee waliyo nayo. Vianney amekaa kwenye pikipiki, ile ile, tangi lenye bonde. Nyuma yake yuko Muzehe Ferederiko akiwa kijana, kuku chini ya kila kwapa. Tuliitazama kwa kioo cha kukuzia, mimi na Anastase, tukipokezana. Kila kitu kinaonekana, hata vifungo vya shati. Na mbele, chini ya taa, pale pale honi inapokaa, wamening'iniza mkungu wa ndizi.